Napenda uchumi lakini hesabu zinanishinda: nihame kozi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma shahada ya uchumi. Nimesoma majibu yako kwa wengine kwa muda mrefu, na leo nimeona nikuandikie maana mambo yamenifika shingoni.

Kozi hii niliichagua mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Tangu sekondari nilikuwa nikipenda kubishana kuhusu kwa nini nchi moja ni tajiri na jirani yake ni maskini, kwa nini watu wawili wanaofanya kazi ileile wanalipwa mishahara tofauti, kwa nini bei zinapanda hata pale bidhaa zinapokuwa zimejaa sokoni. Nilidhani nikifika chuo tutayachambua mambo hayo mpaka niyaelewe. Nilichokikuta ni kalkulasi, matriksi, na mhadhiri anayejaza ubao mzima herufi za Kigiriki, kisha anageuka na kuuliza, "Tuko pamoja?" Darasa zima tunaitika ndiyo. Mimi siko pamoja naye, na nikiwatazama wenzangu usoni nadhani nao hawako.

Mwaka wa kwanza nilipata sapu kwenye hesabu za wanauchumi. Nilirudia mtihani nikapita kwa alama za chini kabisa. Masomo mengine nilifaulu, tena makroikonomiki, yaani uchumi wa nchi nzima, nilipata alama nzuri, lakini nakwambia wewe tu: nilikariri. Nilikariri michoro, nikakariri hatua za mbinu ya Lagrange, ile ya kutafuta kilicho bora kabisa chini ya kikomo fulani, moja baada ya nyingine, na nilipotoka kwenye chumba cha mtihani vyote vikabaki humohumo.

Aibu yenyewe niliipata likizo iliyopita. Mjomba aliniuliza mbele ya ndugu wote, "Haya mchumi wetu, kwa nini serikali isichapishe pesa nyingi igawe kwa wananchi, umaskini uishe?" Nikajibu, "Kutatokea mfumuko wa bei." Akauliza, "Kwa nini utokee?" Nikakosa neno. Mama alinisitiri kwa kubadilisha mazungumzo. Usiku ule sikulala vizuri, maana mtu aliyefaulu makroikonomiki angepaswa kulijibu swali lile akiwa amefumba macho.

Kuna jambo lingine linalonikera. Tunafundishwa kwamba mlaji anazijua bei zote, anajua kabisa anachotaka, na kila mara anachagua kilicho bora kwake. Mimi mtu huyo sijawahi kumwona. Nilipomuuliza mhadhiri aliniambia tuichukulie hivyo kwanza. Kwanza mpaka lini?

Muhula huu nina maikroikonomiki ya kati, yaani uchumi wa mlaji na kampuni mojamoja, na takwimu, na mwaka wa tatu unakuja na ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, ambayo waliotutangulia wanasema ndiyo inayochuja watu. Idara ya sosholojia inapokea wanaohama, na dirisha litafungwa mwisho wa muhula. Rafiki zangu wawili wameshahama na wanaonekana wana amani. Mama bado ananiita mchumi kila akipiga simu, na sijui nitamwambia nini.

Naomba uniambie bila kunionea huruma. Je, mtu asiye na kichwa cha hesabu anaweza kuwa mchumi, au nihame mapema? Na kama ni kubaki, nisome vipi tofauti na ninavyosoma sasa?

Binti wa mwaka wa pili

*

Marahaba, binti yangu.

Nitaanza na swali la mjomba wako, kwa sababu barua yako nzima imo ndani yake. Chukua karatasi.

Katika makroikonomiki uliyofaulu ulionyeshwa mlinganyo huu: M × V = P × Y. M ni kiasi cha pesa kilichopo. V ni kasi ya mzunguko, yaani kila noti inabadilisha mikono mara ngapi kwa mwaka. P ni kiwango cha bei. Y ni bidhaa na huduma zilizozalishwa kweli mwaka huo. Upande wa kushoto ni jumla ya pesa zote walizotoa wanunuzi. Upande wa kulia ni jumla ya thamani ya vyote walivyouza wauzaji. Kila anachotoa mnunuzi ndicho anachopokea muuzaji, kwa hiyo pande hizi mbili ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka pembe mbili. Hapo hakuna nadharia bado, ni uhasibu mtupu, na hakuna namna mlinganyo huo unavyoweza kuwa wa uongo.

Uchumi unaanza pale unapouliza: nikiisukuma herufi moja, ipi nyingine itasogea? Mjomba anataka kuongeza M mara mbili usiku mmoja. Kesho yake viwanda ni vilevile, mashamba ni yaleyale, wafanyakazi ni walewale, basi Y haiwezi kupanda kwa kasi hiyo. Tuseme watu wanaendelea kutumia pesa kwa mazoea yao ya jana, kwa hiyo V imetulia. Imebaki herufi moja tu yenye nafasi ya kusogea, nayo ni P. Pesa mara mbili zinakimbiza bidhaa zilezile, na bei inapanda. Hilo ndilo jibu alilokuwa akilitafuta aliposema "kwa nini utokee?"

Na mjomba angetaka ushahidi, ungempa Ujerumani. Ilipofika Novemba 1923, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa mark trilioni 4.2. Hapo V nayo haikutulia: mtu akipokea mshahara alikimbia kuutumia kabla haujapoteza thamani, kwa hiyo bei zilikimbia kuliko hata mashine za kuchapa noti. Zimbabwe nayo ilitoa noti ya dola trilioni 100 Januari 2009.

Lakini sasa fikiria una mjomba mwerevu zaidi, anayekwambia: baada ya msukosuko wa kifedha wa 2008, benki kuu ya Marekani ilinunua hatifungani kwa pesa mpya mpaka mali kwenye vitabu vyake zikapanda kutoka chini ya dola trilioni 1 hadi karibu trilioni 4.5 mwishoni mwa 2014. Mbona bei hazikulipuka? Aliyekariri "pesa nyingi, mfumuko wa bei" anaishia hapo. Wewe unarudi kwenye karatasi yako na kuuliza ni herufi gani iliyofanya kitu ambacho hukutegemea. Sehemu kubwa ya pesa ile ilibaki kwenye akaunti ambazo mabenki yanaziweka benki kuu, haikufika mikononi mwa wanunuzi, na kasi ya mzunguko ikashuka. Mlinganyo uleule uliotabiri balaa Ujerumani unakueleza kwa nini balaa halikutokea Marekani, mradi unajua kila herufi inasimama badala ya nini.

Tazama tulichofanya. Hatukutafuta derivativi, zile kasi za badiliko za kalkulasi, hata moja. Tumezidisha, na tumekuwa na subira. Siku ile mbele ya ndugu zako hukupungukiwa kichwa cha hesabu. Ulipungukiwa mazoea ya kuisoma hesabu kama sentensi, yenye mtendaji na kitendo, na mazoea hayo kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna aliyekufundisha. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimewafundisha wanafunzi wa uchumi miaka mingi na nimeona wengi wenye akili nzuri wakiondoka wakiamini kwamba wao ni wajinga, kumbe walikosa mtu wa kuwasomea ubao kwa sauti.

Alfred Marshall, aliyekuwa mwalimu wa uchumi Cambridge, alilijua tatizo hili. Hakuwa mtu wa kuogopa hesabu: mwaka 1865 alishika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa hisabati wa chuo hicho. Hata hivyo mwaka 1906 alimwandikia barua mwanatakwimu Arthur Bowley akimweleza utaratibu wake. Tumia hesabu kama mwandiko wa mkato. Endelea nazo mpaka umalize. Kisha zigeuze ziwe maneno ya kawaida. Kisha tafuta mifano yenye uzito katika maisha ya watu. Kisha zichome hizo hesabu. Na ukishindwa kupata mifano, choma na maneno. Mimi sikuombi uchome chochote kabla ya mtihani, lakini hatua ya kugeuza hesabu kuwa maneno ndiyo ambayo mihadhara mingi inairuka, na ndiyo itakayokuokoa.

Tuijaribu kwa Lagrange, kwa kuwa umeitaja. Unamtafutia mlaji manufaa makubwa kabisa kwa bajeti aliyonayo, na katikati ya kazi inatokea herufi ya Kigiriki, lamda, unaikokotoa, unaizungushia duara, unasonga mbele. Simama hapo. Lamda inakwambia: huyu mtu akiongezewa sarafu moja tu ya kutumia, hali yake itaboreka kwa kiasi gani. Na yale masharti uliyokariri, kwamba manufaa ya ziada ya kila bidhaa ukiyagawa kwa bei yake lazima yalingane na lamda, yanasema kitu ambacho kila mwenye kipato kidogo anakijua bila kwenda chuo: sarafu ya mwisho niliyotumia huku inapaswa kunipa sawa na sarafu ya mwisho niliyotumia kule, la sivyo niihamishe. Sasa jiulize, lamda ya maskini na lamda ya tajiri, ipi kubwa? Sarafu moja ya ziada inabadilisha nini kwa huyu na nini kwa yule? Ukilijibu swali hilo umeingia moja kwa moja kwenye mjadala wa kwa nini tajiri alipe kodi kwa kiwango kikubwa zaidi. Na ukiuliza kama kweli tunaweza kuyalinganisha manufaa ya watu wawili tofauti, umeingia kwenye ubishi ambao wachumi hawajaumaliza hadi leo. Yale maswali ya umaskini uliyoyafuata chuoni yalikuwa ubaoni muda wote, yameandikwa kwa Kigiriki.

Kuhusu jinsi ya kusoma, nina machache. Kila unapokutana na mlinganyo, andika chini yake sentensi moja isiyo na alama hata moja, inayosema nani anafanya nini na kwa nini. Sentensi isipotoka, hujaelewa, hata kama jibu lako linalingana na la kitabu. Mitihani ya miaka iliyopita ifanye kwenye karatasi tupu, majibu yakiwa mbali. Kusoma swali huku jibu liko pembeni kunakupa hisia ya kujua bila kujua. Nenda ofisini kwa mhadhiri ukiwa na swali lililo finyu: usiseme "sijaelewa Lagrange", sema "kwa nini kwenye mstari wa tatu alama imegeuka kuwa hasi?" Wahadhiri wengi wakali darasani huwa wapole mbele ya swali la namna hiyo.

Kisha kuna jambo ambalo wanafunzi hawapendi kulisikia. Wengi wanaosema kalkulasi imewashinda wameshindwa na vitu vya nyuma yake: kugawanya sehemu, vipeo, kupanga upya mlinganyo, na zaidi ya vyote logaridhimu. Kalkulasi inayohitajika katika shahada ya kwanza ya uchumi si kubwa. Ni mteremko wa mstari, ni kutafuta kilele na bonde, na ni kubadilisha kitu kimoja huku vingine vimetulia. Lakini mwanafunzi anayeyumba kwenye vipeo atayumba kila mahali, na atadhani tatizo ni herufi za Kigiriki. Tenga wiki chache urudi kwenye vitabu vya sekondari bila kuona haya. Logaridhimu zifanye mpaka uzizoee, kwa sababu katika uchumi zinakupa mabadiliko kwa asilimia, na sisi karibu kila kitu tunakipima kwa asilimia: ukuaji wa pato, unyumbufu wa mahitaji (yaani wanunuzi wanavyoitikia bei ikibadilika), pengo la mishahara. Ukitaka kuona utamu wake, gawanya 70 kwa kiwango cha ukuaji wa uchumi. Unaokua kwa asilimia 7 unakuwa mara mbili kwa miaka 10 hivi. Unaokua kwa asilimia 2 unahitaji 35. Ukiweka nchi mbili zilizoanza sawa, moja kwa kasi ya kwanza na nyingine kwa kasi ya pili, utaona swali lako la nchi tajiri na jirani yake maskini likianza kupata umbo.

Umeuliza kama mtu asiye na kichwa cha hesabu anaweza kuwa mchumi. Elinor Ostrom alitaka kusomea uzamivu wa uchumi huko Los Angeles na akakataliwa kwa sababu hakuwa na msingi wa hesabu. Shuleni wasichana walikuwa wakielekezwa kwingine. Akasoma sayansi ya siasa, akamaliza uzamivu mwaka 1965. Alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wa kawaida wanavyotunza maji, misitu na maeneo ya uvuvi wanayomiliki pamoja, bila kuyamaliza na bila kusubiri serikali au mwenye mtaji awapangie. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Ninakuomba usiisome habari hiyo vibaya. Haikuambii kwamba hesabu hazina kazi. Ostrom mwenyewe alitumia nadharia ya michezo, ambayo ni hesabu za jinsi watu wanavyoamua huku wakitazamana, pale ilipomsaidia kuona jambo. Na ukitaka kuendelea na uzamili au uzamivu wa uchumi leo, utahitaji hesabu zaidi ya hizi, hilo sikufichi. Ninachokionyesha ni kwamba mlango uliofungwa ulikuwa wa idara, na maswali yalibaki wazi kwa yeyote aliyeyashikilia. Hesabu za shahada ya kwanza zinafundishika. Kiu ya kujua kwa nini watu wawili wa kazi ileile wanalipwa tofauti, hiyo sijawahi kuona mwalimu aliyefaulu kumtia mwanafunzi asiyekuwa nayo. Wewe unayo.

Sasa yule mlaji usiyewahi kumwona. Umeuliza "kwanza mpaka lini?" na swali lako ni halali kabisa. Dhana ile haikuwekwa kwa sababu mtu fulani anaamini kwamba watu wako hivyo. Imewekwa ili uondoe kipande kimoja baada ya kingine na kuona kila kipande kilikuwa kinabeba nini. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof aliondoa kimoja tu: aliacha kudhani kwamba mnunuzi na muuzaji wanajua mambo sawa kuhusu ubora wa bidhaa. Akatoa mfano wa magari yaliyotumika. Mnunuzi hawezi kulitofautisha zima na bovu, kwa hiyo anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona bei hiyo inampunja, analiondoa sokoni. Ubora wa yaliyobaki unashuka, wanunuzi wanapunguza bei tena, wenye magari ya ubora wa wastani nao wanajitoa, na soko linaweza kukauka kabisa ingawa kuna watu wanaotaka kuuza na watu wanaotaka kununua. Makala ile ilikataliwa na majarida kabla haijachapishwa, na mwaka 2001 mwandishi wake alipewa Nobel. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia, aliipata mwaka 2002 kwa kuonyesha jinsi watu halisi wanavyoamua mambo kinyume na yule mlaji wa ubaoni. Kwa hiyo "kwanza" ya mhadhiri wako inaisha karibu na mwaka wa tatu, kwenye masomo ambayo ungeyakosa ukihama sasa. Ingekuwa bora akwambie hivyo mapema. Nadhani idara zinakosea zinapowaficha wanafunzi wa mwaka wa kwanza sehemu hii ya somo.

Nimekuja kwenye ekonometriki, na hapa napingana na hao waliokutisha. Kwa mtu mwenye maswali kama yako, hilo ndilo somo la kulisubiri. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 kwa saa hadi dola 5.05. Jirani yake, Pennsylvania, alibaki palepale. Nadharia ya ubaoni inasema kazi ikipanda bei waajiri watapunguza watu. Wachumi David Card na Alan Krueger walikusanya taarifa za migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka, kabla na baada. New Jersey wastani wa wafanyakazi kwa mgahawa ulitoka 20.44 ukawa 21.03. Pennsylvania ulitoka 23.33 ukashuka hadi 21.17. Upande mmoja umeongeza kama 0.6, mwingine umepunguza zaidi ya 2. Ukitoa badiliko la Pennsylvania kwenye badiliko la New Jersey, huoni dalili ya ajira kupotea.

Hesabu hiyo ina wastani nne na kutoa mara tatu. Hekima yote iko kwenye kumchagua Pennsylvania awe wa kulinganishwa, ili yale ambayo yangetokea hata bila sheria mpya yajitoe yenyewe. Matokeo yalichapishwa 1994 na yakazua ugomvi mkubwa. Wachumi wengine, David Neumark na William Wascher, waliyapinga mwaka 2000 kwa kutumia kumbukumbu za malipo ya mishahara, wakasema ajira ilishuka. Card na Krueger wakajibu. Card alipata Nobel mwaka 2021, Krueger akiwa ameshafariki. Ubishi kuhusu kima cha chini bado upo, ila sasa watu wanabishana kwa data, na namna ya kubishana imebadilika kwa kila mtu. Ukifika kwenye regresheni, yaani hesabu za kupima jinsi jambo moja linavyoambatana na mengine, kumbuka kwamba nyingi unazozifanya ni njia ya kufanya ulinganisho wa namna hiyo mambo yakiwa mengi kuliko majimbo mawili. Anza na swali "huyu namlinganisha na nani, na je, ni haki kuwalinganisha?" Fomula utaielewa nyuma ya swali hilo. Na programu ya R ya kuchambua takwimu ni ya bure. Ipakue hata sasa, tafuta data ya mishahara, uchore mchoro mmoja kabla somo halijaanza.

Kuhama, basi. Kipimo changu ni hiki: siku moja ukae na swali la uchumi lisilo na mtihani nyuma yake, kama hili la migahawa. Likikuchosha kabla hujafika kwenye hesabu, hama, kwa sababu hilo ni jambo ambalo mazoezi hayatalibadilisha. Likikushika mpaka unasahau muda, kisha hesabu ndizo zinazokukwamisha, baki uzikabili. Barua yako inanifanya niamini kwamba uko kundi la pili, lakini wewe ndiye utakayekaa na swali hilo. Rafiki zako wana amani kwa sasa na ninawaombea idumu, ila sosholojia si mahali pa kujificha takwimu: utafiti wa kijamii una sampuli, una dodoso, una regresheni zilezile. Ukienda huko, uende kwa kuipenda.

Kwa mama yako, mpigie mwambie ulivyoniambia mimi, pamoja na habari ya sapu. Aliyekusitiri mbele ya ndugu zake hatashindwa kuusikia ukweli ukiwa peke yenu. Usimpelekee uamuzi uliokwisha kufungwa; mpelekee shida yenyewe na mpango wako wa muhula huu.

Na dirisha lile bado liko wazi, tumia muda huo. Wiki hii nenda kwa msajili uulize mambo mawili: masomo uliyokwisha kufaulu yatahesabiwa yote ukihamia sosholojia, na je, chuo kinaruhusu kusoma uchumi pamoja na sosholojia kama masomo mawili ya shahada moja? Vyuo vingi vina mpangilio wa namna hiyo na wanafunzi hawaulizi. Kisha fanya maikroikonomiki kwa njia niliyokueleza mpaka jaribio la katikati ya muhula. Ukipata karatasi yako usitazame alama tu. Kaa na kila swali ulilokosa uone ulikosa wapi: kwenye kuelewa linauliza nini, au kwenye aljebra. Kama mengi ni aljebra, una kazi ya wiki kadhaa na vitabu vya sekondari. Kama ni kuelewa, niandikie tena na unitumie maswali yenyewe, tuyasome pamoja kabla hujasaini fomu ya kuhama.